Baba alituachia mabango ya meli; kaka anataka yauzwe, mdogo wangu anataka yagawanywe

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chumbageni hapa Tanga. Marehemu baba alikuwa karani kwenye ofisi ya wakala wa meli, enzi zile meli kubwa za abiria zinatia nanga nje na mizigo inashushwa kwa matishari. Kampuni zilikuwa zinaleta mabango ya kubandikwa ofisini. Kila likija jipya, baba alilichukua la zamani lisitupwe. Yote aliyaviringisha akayaweka kwenye sanduku la bati.

Yako tisa. Mawili ni ya Union-Castle, na moja lina meli yenye ubavu wa zambarau iliyopauka na dohani nyekundu yenye kilele cheusi. Matatu ni ya British India, mojawapo limetaja meli zinazoitwa Kenya na Uganda. Kuna moja la Lloyd Triestino lenye majina Africa na Europa, na moja la Holland-Afrika Lijn, ambalo fundi fremu alilibandika kwenye hadibodi kwa gundi nyeupe ya mbao. La Kijerumani, la Deutsche Ost-Afrika-Linie, ndilo kubwa kuliko yote. Lina madoadoa ya kahawia na ukingo mmoja umeliwa na wadudu. La tisa ni lile maarufu la meli ya Normandie, omo, yaani mbele ya meli, imekukabili uso kwa uso. Mimi mwenyewe nimeongeza mawili ya meli za Bombay, niliyonunua kwa familia moja ya Ngamiani, nayo yamo humo humo sandukuni.

Baba alipoanza kuugua aliniita mbele ya mama, akanipa ufunguo wa sanduku, akasema, "Haya utayatunza wewe." Ndugu zangu hawakuwepo. Mwaka jana akafariki.

Sasa kaka yangu mkubwa aliyeko Dar amepata mnunuzi kwa WhatsApp. Anatoa shilingi milioni sita kwa mabango yote ya baba isipokuwa Normandie, kwa sababu kaka ameliona hilo kwenye intaneti kwa bei za maelfu ya dola na anataka kuliuza peke yake. Mnunuzi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ameshauliza mara mbili habari za lile la Kijerumani. Mdogo wangu wa kike, yeye yuko Muheza, anasema hataki hela, yagawanywe tu matatu matatu. Kaka anasisitiza pia yasafishwe kwanza ili yapendeze kwenye picha, na mpwa wangu mwenye duka la steshenari amejitolea kuyawekea lamineshen bure yasiendelee kuharibika. La British India lenye Kenya na Uganda lina selotepu iliyogeuka rangi, anasema ataibandua.

Mama yupo kwangu, ni mtu mzima sana, hatutaki kumsumbua na haya mambo.

Nikikataa naonekana nimejimilikisha mali ya baba. Nikikubali, nahisi nimevunja neno lake. Mabango haya nayapenda, nimeyasoma moja moja, na naamini yakitawanyika yamekwisha. Nifanyeje?

Mtunza Sanduku, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa baba.

Nimekuelewa hivi: unabanwa na neno la baba upande mmoja na haki ya ndugu zako upande wa pili, na katikati yuko mtu msiyemjua anayewahesabia siku. Nitafika kwenye hayo. Lakini kuna jambo moja halingoji kikao cha familia. Mshukuru mpwa wako kwa moyo wake mwema, ila mashine yake isiguse hata bango moja. Lamineshen ni plastiki yenye gundi inayoyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 100. Gundi hiyo ikishaingia kwenye karatasi haitoki bila karatasi kutoka nayo. Bango la zamani lililofanyiwa hivyo mkusanyaji halitaki tena, hata mkikubaliana kuuza.

Selotepu nayo muiache. Ukiivuta itaondoka na ngozi ya juu ya karatasi pamoja na rangi. Mafundi wengine hupaka thina au petroli; gundi inalainika kweli, lakini inasambaa ndani na kuacha doa pana kuliko selotepu yenyewe. Maji yasikaribie, maana zipo rangi zinazochuja. Usifute maandishi kwa raba. Kusafisha kunakoruhusiwa nyumbani ni huku tu: tandika bango kwenye meza safi na kavu, chukua brashi laini ya inchi mbili ambayo haijawahi kuingia kwenye rangi, ufagie vumbi taratibu kutoka katikati kwenda nje. Madoadoa ya lile la Kijerumani yatazame kwa pembeni chini ya mwanga. Kama ni bapa na makavu, ni kutu ya karatasi, haitoki kwa brashi na wala haikimbii popote. Kama yana manyoya, hiyo ni kuvu hai: litenge na mengine, liache likauke kwenye kivuli chenye hewa, ulifagie nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa. Najua jirani atakwambia ulianike juani kama tunavyoanika nguo za sandukuni. Jua linaua rangi, na nyekundu na njano ndizo hutangulia kupauka. Na chumba yalimo kisifukizwe udi, moshi wake una mafuta yanayotua kwenye karatasi.

Sasa tuangalie mali yenyewe, kwa sababu mnabishana bei na hakuna hata mmoja wenu aliyehakikisha mna nini mkononi.

Kaka yako ana yakini kwamba Normandie ndiyo lulu. Huenda. Bango hilo lilichorwa na Cassandre, mchoraji wa mabango wa Ufaransa, mwaka 1935 kwa safari ya kwanza ya meli, na la asili lina ukubwa wa takriban sentimita 100 kwa 62. Maandishi ya chini yanataja Le Havre, Southampton na New York. Hiyo ilikuwa njia ya Atlantiki; Normandie haikuwa meli ya pwani yetu, na iliungua bandarini New York mwaka 1942. Bango lake limechapishwa upya mara nyingi sana. Lingeweza kufika Tanga kwa njia za mawakala, sikatai, lakini karatasi ngumu inayong'aa ingenitia shaka mara moja. Nenda kwa fundi saa mjini, muombe akuazime lenzi yake inayokuza mara 10. Tazama wale ndege wadogo weupe karibu na maji, chini ya omo. Kwenye chapa ya asili, iliyochapwa kwa mawe kama ilivyokuwa enzi hizo, rangi imelala kwa punje zisizo na mpangilio na kingo za ndege zimekatika safi. Kwenye nakala ya kisasa utakuta vinukta vya bluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kwa mistari, na kingo zimefifia.

Uangalie tu usije ukahukumu mengine kwa kipimo hicho hicho. Baada ya vita kampuni nyingi zilihamia uchapaji wa ofseti, kwa hiyo vinukta kwenye bango la miaka ya 1950 havimaanishi ni bandia. Kwenye bango la 1935 la aina ile, vinamaanisha.

Mengine yanajitaja umri yenyewe ukisoma majina. Meli iitwayo Kenya ya British India ilianza kazi 1951 na Uganda 1952, basi bango linalozitaja zote mbili haliwezi kuwa la zamani zaidi ya hapo. Africa na Europa za Lloyd Triestino nazo ni za 1952. Kwenye Union-Castle tafuta jina la meli: Rhodesia Castle, Kenya Castle na Braemar Castle, zilizokuwa zikizunguka Afrika nzima, ziliingia kazini 1951 na 1952.

La Kijerumani ndilo ningekaa nalo muda mrefu zaidi. Kampuni ile ilianzishwa 1890, ikaleta meli pwani hii hadi vita vya 1914, kisha ikarudi katikati ya vita mbili. Soma ukingo wa chini kabisa kwa lenzi: kuna jina la mchapaji na mji wake, mara nyingine na mwaka. Likitaja Pretoria au Windhuk, si la kabla ya 1936. Kama lina dalili za kuwa la kabla ya 1914, hiyo ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa mabango haya yalitengenezwa yadumu wiki chache ukutani kisha yafunikwe na jingine, na ya umri huo yaliyobaki ni machache. Mnunuzi ameuliza habari zake mara mbili. Je, hamkujiuliza kwa nini kaka ameondoa Normandie kwenye dau na yeye hakulalamika?

Kitu kingine cha kutafuta ni mhuri. Mengi yalichapwa yakiwa na nafasi nyeupe chini ili wakala agonge jina lake au abandike karatasi yake. Ukikuta mhuri wa ofisi ya Tanga usimruhusu mtu akate ukingo huo ili bango lienee kwenye fremu. Hapo ndipo panapoonyesha lilitokea wapi.

Bei hufuata hali pia. Wauzaji hupanga kwa herufi, A likiwa karibu jipya, B lina mikunjo au michaniko midogo, C limepungukiwa sehemu. Ukingo ulioliwa hausumbui sana kama wadudu hawakuingia kwenye picha. La hadibodi liache hivyo hivyo. Kulitoa ni kazi ya mtaalamu wa karatasi, na ukilazimisha kwa kisu litatoka vipande.

Nirudi kwa neno la baba. Alikupa ufunguo akiwa hai, mbele ya shahidi, ukaupokea. Hilo linaweza kuwa hiba, yaani zawadi iliyotimia kabla ya kifo, na hapo mabango si sehemu ya mirathi. Lakini kumwambia mtu atunze kunaweza pia kuwa ni kumpa amana, na amana ni mali ya warithi wote. Na kama alikusudia uyapate baada yake, huo ni wasia kwa mrithi, ambao kwa mirathi ya Kiislamu haupiti mpaka warithi wenzako waridhie. Mimi siwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo, wala kaka yako hawezi. Mbali na wewe, mtu aliyekuwepo ni mama peke yake, na mmekubaliana asisumbuliwe.

Hapo, mwanangu, nakuomba ufikiri upya. Mama si shahidi tu. Yeye ni mrithi, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike. Kwa hiyo "matatu matatu" anayosema mdogo wako ni mapatano ya upendo na mnaweza kuyafanya mkiridhiana, ila siyo hesabu ya mirathi, na inamsahau mama kabisa. Mkae naye asubuhi akiwa na nguvu, mumuulize aeleze kwa maneno yake baba alisema nini. Majibu yake myapeleke kwa sheikh mnayemwamini. Kama Mahakama ya Mwanzo imeshamteua msimamizi wa mirathi, yeye ndiye mwenye haki ya kuuza au kugawa. Si kaka kwa sababu ni mkubwa, wala si wewe kwa sababu una ufunguo. Yale mawili uliyonunua Ngamiani yatoe leo hii kwenye sanduku la baba, uyaandikie orodha yake. Yakiendelea kukaa pamoja, kesho yatahesabiwa pamoja.

Tuseme mnaamua kuuza. Msipokee bei ya jumla. Mnunuzi aandike bei ya kila bango peke yake, hapo mtaona moyo wake uko wapi. Mkipeleka kwenye mnada wa nje mnaweza kupata zaidi, lakini mnada unakata kamisheni, kuna usafirishaji na bima, na hela huchukua miezi. Kabla ya kitu chochote cha zamani kuvuka mpaka, waulizeni kwa maandishi watu wa Mambo ya Kale kama kinahitaji kibali; sheria ya mambo ya kale ya 1964 inahusu kutoa vitu vya kale nje ya nchi na ni bora kupata jibu mapema kuliko kukwamia uwanja wa ndege. Njia ya katikati ni kuuza moja au mawili ili yagharamie utunzaji wa yaliyobaki. Hatari yake ni kwamba linaloondoka kwanza huwa ndilo bora.

Kugawana nako si kutawanya kwa lazima. Umeandika kwamba yakitawanyika yamekwisha, lakini mdogo wako amesema hataki hela, anataka mabango. Huyo ni mtu anayeyapenda kama wewe. Swali la kumuuliza ni atayaweka wapi na vipi. Mnaweza pia kuandikiana kwamba yeyote atakayetaka kuuza fungu lake aanze kwa ndugu zake.

Na kubaki nayo wewe? Hilo ndilo unalolitaka, kwa hiyo nikupe uzito wake wote. Sanduku la bati si mahali pake. Usiku bati likipoa unyevu unageuka matone ndani na kudondokea karatasi. Kuvu huanza unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, na hewa yetu ya pwani hupita hapo mara kwa mara, masika ndiyo usiseme. Nunua kipima unyevu. Yatandazwe bapa kwenye droo au boksi pana, mengi ya mabango ya Kiingereza yana karibu sentimita 102 kwa 64, kwa hiyo pima kwanza lile la Kijerumani. Boksi liwe limeinuka sentimita 15 kutoka sakafuni na lisiegemee ukuta wa nje. Kati ya bango na bango weka karatasi isiyo na asidi; ukiikosa, marekani nyeupe iliyofuliwa mpaka wanga wote ukatoka inafaa. Gazeti hapana kabisa. Vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vinasaidia tu kama boksi linafunga vizuri. Punje zake za rangi zikitoka bluu kuwa waridi zimeshiba, zikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 saa mbili hivi. Naftalini iache kwa nguo.

Kuyafungua pia kuna adabu yake. Karatasi iliyoviringishwa miaka yote hiyo ikilazimishwa inapasuka kwenye mkunjo. Fungua kidogo, weka vitabu vilivyofungwa kitambaa pembeni, uache siku, uongeze kidogo. Ukitaka kutundika moja, kioo kisiguse karatasi. Fundi aache nafasi ya milimita tatu au zaidi, na nyuma asiweke hadibodi. Hii yote ni hela na ni kazi ya kila mwaka. Je, ndugu zako watachangia, au utabeba peke yako kisha uone uchungu?

Kuna pia kuyaazimisha kwenye makumbusho ya Urithi pale boma la zamani, kwa mkataba unaosema ni mkopo, ni wa muda gani, na nani anawajibika likipatikana dhara. Yanabaki pamoja, mali inabaki yenu, na Tanga inayaona. Ila mkishayatoa nyumbani si rahisi kuyafuata kila mkiyakumbuka, na kama kaka ana shida ya kweli ya fedha, hilo halimsaidii leo. Hujaniambia kama anayo. Muulize, kwa upole, si kwa kumshitaki.

Lolote mtakaloamua, piga picha sasa hivi: nje kwenye kivuli, simu ikiwa sambamba na bango, rula pembeni, mbele na nyuma. Picha kali baki nazo wewe, kwa watu tuma ndogo. Kila ndugu apate seti yake yote.

Kwa huyo mnunuzi wa WhatsApp, kaka yako anaweza kumwandikia hivi wiki hii: "Ndugu, mali hii ni ya marehemu na warithi bado hatujamaliza kikao. Tafadhali tutumie bei yako kwa kila bango, kwa maandishi, pamoja na jina lako kamili na namna ya malipo. Tutakujibu tukiwa tayari." Kama anayahitaji kweli, mwisho wa mwezi utapita na bado atakuwepo.